Maswali na Majibu: Gari la Zamani katika Karakana ya Shule

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: wanafunzi wa sekondari wanaofufua gari la zamani wakiwa na mwalimu wao. Tumechagua sita, zote zikihusu Volkswagen Beetle ya zamani. Ya kwanza imejibiwa kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu matatizo mengi yaliyomo katika barua zinazofuata huanzia hapo.

SWALI: Ndugu Fundi, shule yetu imepewa Volkswagen Beetle ya mwaka 1965, lile gari ambalo wengi huliita kobe. Limekaa bandani miaka mingi bila kuendeshwa. Ninafundisha ufundi wa magari kwa wanafunzi 14, na ratiba inanipa vipindi viwili vya saa moja kila wiki. Vijana wana hamu kubwa kiasi kwamba siku ya kwanza walitaka kufungua kila boliti waliyoiona. Nianzie wapi ili gari lisije likawa makasha ya vipuri ambavyo hakuna anayekumbuka vilitoka wapi? (Mwalimu wa karakana)

JIBU: Mwalimu, hofu yako ina msingi. Magari mengi ya zamani yanayokufa karakanani hayauawi na kutu wala na uhaba wa vipuri. Huuawa siku yanapofunguliwa yote kwa mkupuo, kwa sababu kufungua ni rahisi, kunaonekana kama kazi kubwa, na kila mtu hurudi nyumbani ameridhika ilhali kazi yenyewe haijaanza.

Tupige hesabu. Saa mbili kwa wiki, kwa wiki 30 za masomo, ni saa 60 kwa mwaka. Kulifufua gari zima, bodi, injini, umeme na viti, mara nyingi humchukua fundi mzoefu zaidi ya saa 1,000. Utasema una mikono ya watu 14, lakini injini ya gari hili ni ndogo na imekaa nyuma ndani ya nafasi finyu, na wakishaizunguka wanafunzi wanne, wa tano anabaki kuwa mtazamaji. Maana yake ni kwamba wanafunzi ulionao leo watahitimu kabla gari halijakamilika, na watakaolimalizia bado hujakutana nao. Hilo ndilo la kupangia mapema kuliko spana na jeki.

Ningekushauri ugawe kazi kwa namna ambayo kila darasa litafungua kitu na kukifunga lenyewe, kikiwa kinafanya kazi, kabla halijaondoka. Darasa la kwanza lihakikishe gari linawaka, linasimama kwa breki na taa zake zinawaka, hata kama rangi imebabuka na viti vimechanika. Darasa linalofuata lishughulikie sakafu na bodi, na la tatu liingie kwenye rangi na mambo ya ndani. Najua kuna mafundi watakaosema kwamba kazi safi huanzia kwenye bodi, nao wana haki yao kwa gari la mteja. Katika shule, hata hivyo, mwanafunzi aliyekwangua kutu mwaka mzima na kuondoka bila kusikia injini ikinguruma amejifunza kukwangua kutu, basi.

Kabla ya yote hayo, tumieni vipindi vitatu au vinne kuchunguza tu. Chukueni bisibisi mzidodose kwa ncha yake sehemu zinazooza katika gari hili: sakafu pande zote mbili, hasa upande wa kulia chini ya kiti cha nyuma ambako betri hukaa na asidi yake hula bati, na ile mihimili iliyo chini ya milango, ambayo ndani yake hupita hewa ya moto kutoka kwenye injini. Mihimili hiyo ndiyo inayoipa bodi uthabiti wake. Ikiwa bisibisi inazama, andikeni, pigeni picha, na msikate kitu. Bodi ya Beetle imefungwa juu ya sakafu yake kwa boliti zinazoizunguka, na huweza kuinuliwa ikatengana nayo, jambo linalowavutia sana vijana. Lakini mihimili ikikatwa kabla ya kuchomelea vyuma vya kushikilia matundu ya milango, bodi hujikunja, na milango haitafungika tena sawasawa. Pimeni kwanza upana wa mianya inayozunguka milango yote miwili, kisha andikeni vipimo hivyo mahali ambapo darasa lijalo litaviona.

Hapo ndipo daftari linapoingia. Liwe moja, lenye jalada gumu, lisitoke karakanani. Kila kinachofunguliwa kipigwe picha kikiwa bado mahali pake, boliti zake ziwekwe katika mfuko wenye karatasi iliyoandikwa jina la sehemu, tarehe na jina la mwanafunzi, na daftari lieleze mfuko uko kasha gani. Inapowezekana, boliti zirudishwe katika matundu yake mara tu kipuri kinapotoka. Mwanafunzi atakayevifunga vipuri hivyo miaka miwili baadaye hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Kuhusu vipuri, una bahati. Beetle zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa hadi uzalishaji wake ulipokoma nchini Mexico mwaka 2003, na kwa hiyo sehemu nyingi bado hutengenezwa upya. Zipo nzuri na zipo za ovyo, hasa vipuri vya bodi, hivyo usitupe kipuri cha zamani hadi kipya kiwe kimekaa mahali pake.

SWALI: Shikamoo Fundi. Injini ya gari letu la shule haizunguki. Mwenzangu anasema tufunge betri yenye nguvu na kuishtua kwa stata mpaka iachie. Mwalimu amekataa lakini hakutueleza sababu. (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amekataa vema. Injini iliyokaa muda mrefu mara nyingi imeganda kwa sababu ringi za pistoni zimeshikana na kutu nyembamba kwenye kuta za silinda, au valvu imenata katika mwongozo wake, yaani kibomba inamoteleza, ikiwa wazi. Stata haina subira. Ikiilazimisha, ringi huvunjika, au fimbo inayosukuma valvu hupinda, na tatizo la kusubiri wiki moja hugeuka kuwa la kufungua injini nzima.

Ondoeni plagi zote nne, mtie kiasi kidogo cha mafuta mepesi ya kupenya katika kila silinda, kisha muiache siku kadhaa huku mkiongeza kidogo kidogo. Kwa kuwa silinda za injini hii zimelala, mafuta hujikusanya upande wa chini, hivyo msitegemee yaenee haraka. Baadaye jaribuni kuizungusha kwa mkono, kwa spana kwenye boliti ya puli ya chini, ambayo ni ya milimita 30, mkiielekeza saa inakoelekea. Msirefushe spana kwa bomba. Sogezeni kidogo mbele na kidogo nyuma, na mkihisi imekwama ghafla kama iliyogonga chuma, acheni mfungue vifuniko vya valvu muone kama ipo iliyobaki imezama ndani.

Ikishazunguka, kuna kipimo kimoja ambacho ningependa mkifanye kabla ya kufurahi. Shikeni puli ya chini kwa mikono miwili muivute na kuisukuma. Shafti kuu ya injini hii inatakiwa kucheza kati ya milimita 0.07 na 0.13 tu kwenda mbele na nyuma, kiasi ambacho mkono hukihisi kwa shida sana. Ikiwa inagonga kiasi cha kusikika, injini itafunguliwa mtake msitake, na ni afadhali mjue sasa kuliko baada ya kununua gasketi na kabureta.

Mwambieni mwalimu awaulize pia kwa nini silinda namba tatu ya injini hizi huharibika valvu kabla ya nyingine. Injini haina rejeta wala maji, inapoozwa kwa hewa inayosukumwa na feni, na katika magari ya miaka hiyo kipozeo cha oili kilisimama ndani ya njia ya hewa, juu ya silinda hiyo. Hewa iliyoifikia ilikuwa imekwisha kupashwa moto. Mabati yanayofunika injini na mpira unaoziba pembe zake si mapambo, basi. Ndiyo mfumo wa kupoozea, na nimeona watu wakiyatupa kwa sababu yalikuwa na kutu.

SWALI: Fundi, darasa letu limegawanyika. Gari letu linatumia umeme wa volti 6 na taa zake ni hafifu. Nusu yetu tunataka tubadilishe liwe la volti 12, nusu wanasema tutaharibu uasilia wake. Nani ana haki? (Mwanafunzi mwingine)

JIBU: Kabla ya kuamua nani ana haki, chukueni mita ya umeme. Taa ya wati 45 huvuta ampea 7.5 kwa volti 6, na ampea 3.75 tu kwa volti 12. Umeme mwingi zaidi ukipita katika waya uleule, upotevu nao huwa mkubwa zaidi. Zaidi ya hapo, nusu volti ikipotea njiani katika gari la volti 6, imepotea zaidi ya asilimia 8 ya nguvu yote ya msukumo, wakati katika gari la volti 12 ni asilimia 4 tu. Mwanga wa balbu nao hushuka kwa kasi kuliko volti zinavyoshuka.

Pimeni volti kwenye betri, kisha kwenye taa ikiwa inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, taa zenu hazina kosa. Kosa ni la kutu kwenye viunganishi, swichi iliyochakaa na waya za kurudishia umeme kwenye bodi. Safisheni kila kiunganishi hadi chuma king'ae, badilisheni waya mnene wa betri kama umeoza ndani ya ganda lake, kisha mpime tena. Nina hakika ugomvi wenu utapungua. Mimi ningeliacha gari katika volti 6, kwa sababu kulibadilisha kunadai balbu zote, dinamo na kidhibiti chake, koili na mota ya waipa, na kwa sababu somo la upotevu wa umeme halionekani wazi namna hii katika gari lolote la kisasa.

Mkimaliza, hakikisheni betri ina kifuniko chake. Imekaa chini ya kiti cha nyuma, na springi za kiti zikibonyea kwa uzito wa abiria huweza kugusa vichwa vya betri na kuwasha moto.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16 na anarudi nyumbani akinuka petroli. Wiki iliyopita alikuja na jeraha mkononi lililotokana na mashine ya kukwangua kutu. Sitaki kumkatisha tamaa, lakini je, kazi hii ni salama kwa mtoto wa shule? (Mama wa mwanafunzi)

JIBU: Mama, pole kwa jeraha hilo. Kazi hii inaweza kuwa salama, ila si kwa kuambiwa tu kwamba ni salama. Ningekuomba uende karakanani siku ya kipindi, uombe ruhusa ya mwalimu, uangalie mambo yafuatayo kwa macho yako.

Gari likiwa limeinuliwa, je, limekalia stendi za chuma juu ya sakafu ngumu, au limeshikiliwa na jeki peke yake? Jeki hushuka bila kuaga. Mtu yeyote akiwa chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu, kipindi kisimamishwe siku hiyohiyo. Kisha angalia macho: kila aliye karibu na grenda au brashi ya waya avae miwani ya kinga, kwa kuwa nyaya za brashi hiyo hukatika na kuruka kama sindano. Glavu za kitambaa, ambazo mzazi hudhani ni kinga, ni hatari kwenye mashine inayozunguka, kwa sababu hunaswa na kuvuta mkono. Inawezekana hilo ndilo lililomjeruhi mwanao. Muulize.

Harufu ya petroli inanitia wasiwasi zaidi kuliko jeraha. Petroli haitakiwi kutumika kuoshea vipuri wala mikono. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kuufuata moto uliko, hata cheche ya swichi iliyo mbali. Zipo dawa za kuoshea zisizowaka kwa urahisi, na kazi hiyo hiyo hufanywa nazo. Katika gari hili kuna jambo la ziada: ganda la injini ni la aloi ya magnesi, na magnesi ikishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima. Mitungi ya kuzimia moto ya unga iwepo karibu, na mwalimu ajue ni ipi inayofaa kwa moto wa chuma.

Yapo matatu yasiyoonekana. Viatu vya breki vya magari ya zamani vingi vilikuwa na asbesto, na vumbi lake likipulizwa kwa hewa ya kompresa huingia mapafuni likakaa humo. Lilowekwe na kufutwa kwa kitambaa chenye maji kinachotupwa baadaye. Rangi za zamani nazo mara nyingi zina risasi, hivyo zisipigwe msasa mkavu. Rangi mpya zinazochanganywa na kikaushio zina kemikali iitwayo isosayanati, ambayo inaweza kuamsha pumu ya maisha, na barakoa ya kawaida haiizuii. Kazi hiyo ya mwisho wasipewe wanafunzi kabisa. Waandae bodi wao, wapige msasa, wazibe, kisha gari lipelekwe kwa fundi wa rangi mwenye chumba na vifaa vya kupumulia hewa safi.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni msichana peke yangu katika kundi letu. Kila kipindi napewa kuosha vipuri au kushika tochi, na wavulana wanasema nati za nyuma zinahitaji nguvu. Nifanyeje? (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nati wanayoisema, ile inayoshika ngoma ya breki ya nyuma, ni ya milimita 36 na hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 300. Chukua bomba imara la mita moja na nusu, lichomeke kwenye mpini wa soketi, na uning'inize uzito wa kilo 20 kwenye ncha yake. Kilo 20 ni karibu nyutoni 200; zidisha kwa mita moja na nusu upate karibu 300, na wala hujasukuma. Kila fundi mwenye akili hufanya hivyo, mwenye misuli na asiye nayo. Nakuomba ulionyeshe darasa zima, kwa heshima, gari likiwa chini na magurudumu yakiwa yamezuiwa.

Sehemu ya pili ya jibu ni ya mwalimu wako, naye namwomba aisome. Kazi zisigawanywe kwa kuulizana nani anataka nini, maana mwenye sauti kubwa huchukua kabureta kila mara. Ziandikwe katika orodha ya zamu ukutani, pamoja na tochi na kuosha, na zizunguke kwa wote. Mwanafunzi aliyeosha kipuri ndiye akifunge mahali pake.

SWALI: Tunakaribia kuliwasha gari letu kwa mara ya kwanza baada ya miezi tisa. Breki zimefungwa na wanafunzi wenyewe. Je, niwaamini? Na siku ya kuwasha tufuate utaratibu gani? (Mwalimu)

JIBU: Waamini, kisha ukague kila kitu kana kwamba huwaamini. Kila gurudumu likaguliwe na mwanafunzi ambaye hakulifunga, halafu nawe, na hatimaye fundi wa breki kutoka nje ya shule, kabla gari halijasogea hata mita moja. Gari la mwaka 1965 lina mzunguko mmoja tu wa breki: likivuja gurudumu moja, pedali inazama na breki za miguu zinapotea zote nne. Kwa hiyo silinda za magurudumu na ile kuu zote ziwe mpya au zilizofanyiwa matengenezo, na mipira ya kupitishia mafuta iwe mipya hata kama ya zamani inaonekana nzima, kwani huvimba kwa ndani na kuzuia breki isiachie. Kanyageni pedali kwa nguvu kwa dakika moja. Ikishuka polepole, kuna mahali panavuja.

Siku ya kuwasha, gari litolewe nje. Tangi lisafishwe au litumike tangi dogo la muda, mipira yote ya petroli iwe mipya na yenye vibano, hasa pale inapoingia kwenye kabureta, kwa sababu kile kibomba cha shaba kilichopachikwa humo huweza kuchomoka na kumwaga petroli juu ya injini yenye moto. Oili iwe lita 2.5 na chujio lake la wavu liwe limesafishwa. Zungusheni kwanza injini kwa stata bila plagi hadi taa ya oili izime, ndipo mrudishe plagi na nyaya zake kwa mpangilio wa 1-4-3-2, yaani mfuatano ambao silinda huwaka.

Atakayegeuza ufunguo apatikane kwa kura, na kura ipigwe wiki moja kabla, ili siku yenyewe mawazo yao yawe kwenye injini. Mmoja aangalie taa ya oili, mmoja asimame nyuma akiangalia mipira ya petroli, mmoja awe na daftari. Wewe shika mtungi wa kuzimia moto na usishike kitu kingine. Ikiwaka, iache kwa sekunde 30, uizime, mkague chini kama kuna kinachodondoka, kisha muiwashe tena.